Walisema Breki ya Rajabu Imechakaa

Nasikia ninyi vijana bado mnasema kwamba baiskeli kuukuu ndiyo iliyomvunja Rajabu mguu. Mnasema sokoni, mnasema kijiweni, na juzi mmoja wenu kanisemea usoni mara tu baada ya kuniamkia, kana kwamba shikamoo ni kibali cha kumwaga upuuzi mbele ya mtu mzima. Nikaitikia marahaba, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya moto na najijua. Leo sina kikombe. Kaeni niwaambie, na anayetaka kucheka akachekee nje.

Mimi nimekuwa fundi baiskeli hapa Lushoto tangu sijaota ndevu mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Nilikaa barazani mwa duka la vitambaa, karibu na soko. Mwenye kabichi, mwenye mapeasi, mwenye mbao, mwenye maziwa, wote walipita kwangu kabla ya kuupandisha mlima kurudi kwao. Ninyi mnaniona leo nimeketi na blanketi magotini mnadhani nilizaliwa nalo. Baiskeli nyingi zinazopita hapa na mizigo, hizo mnazoziita mikweche, nilizifungua na kuzifunga mikono hii hii wakati baba zenu hawajaoa.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Singano, mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno. Nilipofika kwake nilitaka kushika spana siku ile ile. Akanipa kopo la mafuta ya taa na gololi za watu, nizioshe. Nikaosha mpaka vidole vikapasuka. Kila gololi niliyoiosha alinitaka niiviringishe kwenye kioo cha dirisha kilichovunjika na kusema kama ni nzima au imeliwa. Nikikosea, alinichapa mgongoni kwa kipande cha mpira wa ndani. Leo mngesema ni unyanyasaji, na labda ni kweli, lakini mpaka leo nikifumba macho naijua gololi iliyoliwa. Alikuwa na msemo wake mmoja tu. "Mgosi," alikuwa ananiambia, ndivyo sisi Wasambaa tunavyomwita mwanamume, "chuma hakichoki. Mtu ndiye anayechoka nacho."

Sasa tuingie kwenye baiskeli yenyewe. Ile baiskeli ya Rajabu aliinunua baba yake, marehemu Mzee Hamisi, kwa kahawa, enzi zile kahawa ya huku milimani ilikuwa inamjengea mtu heshima. Nyeusi, fremu nzito, ukiibeba begani unajua umebeba kitu. Haikuwa na breki za mkononi hata moja. Breki yake ilikuwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Ukirudisha pedeli nyuma, viatu viwili vya shaba vilivyofichwa humo ndani hupanuka na kulikaba gurudumu kutoka tumboni. Hakuna waya wa kukatika, hakuna mpira wa kuisha. Mvua inyeshe, tope lijae, ukungu ushuke mpaka usione mkono wako, breki iko kavu ndani ya nyumba yake kama mtu aliyelala.

Kitu kimoja tu kwa nje ndicho kilichoishikilia, nao ni mkono wa chuma unaotoka kwenye habu na kufungwa kwenye fremu. Mkono ule usipofungwa, breki haishiki. Mkanda wake wa kufungia ulipotea zamani, nami nikamtengenezea Mzee Hamisi mwingine. Nilikata kipande cha jembe la mama yangu, jembe lililokuwa limelimia mahindi mpaka likabaki jembamba na jepesi, nikakitia motoni, nikakikunja, nikakitoboa, nikakaza kwa waya wa shaba. Kumbukeni mkanda huo. Sina haja ya kuwaeleza mara mbili.

Msidhani breki ile haikuwa na masharti. Ilikuwa nayo. Mteremko wetu ni mrefu, na habu ikikabwa muda mrefu hupata moto, grisi ya ndani ikalainika, viatu vikaanza kuteleza. Ndiyo maana palikuwa na mahali katikati ya mteremko, penye kijito na mawe ya kukalia, tulipopaita Mapozeo. Kila mtu alishuka pale. Unatema mate kidoleni, unagusa habu. Mate yakichemka, unakaa. Yasipochemka, unaendelea. Na huimwagii maji! Mtu akichota maji ya kijito kumwagia habu ya moto, wazee walimvua kofia wakaitupa mtoni, maana chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi unakitafutia ufa. Unasubiri ipoe yenyewe. Watu walipanga posa pale, waliuziana ndama pale, waligombana na kupatana pale, huku baiskeli zimelazwa ubavuni zinapoa.

Desturi hiyo ilituingia mwilini. Mimi mwenyewe, nikishuka kwenye baiskeli yoyote mwisho wa mteremko, hata ya kuazima, kidole huenda mdomoni kabla sijafikiri.

Walikuwapo wajuaji enzi zetu pia. Mzee Yona, mzee wa kanisa, Mungu amrehemu, alichoka kununua grisi. Nikamwambia humo ndani tunatia grisi nzito, ile ya magurudumu ya lori, maana nyepesi inakimbia. Akasema fundi anataka kumla tu. Akaenda nyumbani akafungua habu mwenyewe, akajaza samli ya mkewe. Jumapili akateremka kwenda ibadani amevaa suti. Samli ikapata moto, ikayeyuka, ikaanza kutoka. Akarudisha pedeli nyuma, pedeli ikarudi, gurudumu likaendelea na safari yake. Alipita mlango wa kanisa watu wanaimba wimbo wa kwanza, akavuka uwanja, akaingia kwenye maharage ya mchungaji mpaka mwisho wa shamba. Tulipomfikia, mbwa wawili walikuwa wanalamba gurudumu. Mchungaji alimwuliza kama ameumia. Akajibu, "Maharage ni laini, mchungaji." Basi. Lakini kesho yake alikuja kwangu, na hakusema baiskeli ni mbovu. Alisema, "Nilitia samli." Watu wa zamani walikuwa na vituko, lakini walijua kosa ni la nani.

Ninyi je? Kitu kikiharibika, mnakitazama umri wake kwanza.

Sivichukii vitu vipya. Bodaboda ni nzuri, imewapeleka wajawazito hospitali usiku wa mvua, nani atapinga? Ninachochukia ni kitu kinachojiita kipya na moyoni mwake hakina uhai wa hata mwaka mmoja. Siku hizi wanaleta magurudumu yanang'aa kama sufuria ya harusi. Rimu ukiibonyeza kwa gumba inabonyea. Breki za waya, waya mwembamba kama uzi wa kushonea godoro, na mipira ya breki migumu kama kwato, ikilowa haishiki kitu. Huko mjini tambarare sawa, endesheni. Huku kwetu mtu anateremka na madumu mawili ya maziwa nyuma na kiroba mbele, na kona zenyewe mnazijua.

Sasa Elinami. Mikono ilipoanza kunikataa, nilimwachia Elinami sehemu yangu barazani. Alikuwa amefanya kazi kwangu miaka mingi, mtu mzima mwenye mke na watoto, si kijana wa kufundishwa. Nilimwachia na tupa zangu, na jiwe langu la kunolea. Sikumwuliza chochote, kwa sababu nilidhani mtu niliyekula naye muhogo mmoja miaka yote ile hana cha kuulizwa.

Rajabu akampelekea baiskeli ile abadilishiwe mnyororo. Rajabu, kwa msiomjua, ndiye anayekusanya maziwa ya majirani zake kule juu na kuyashusha Lushoto kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Ana mke, Mwanaidi, na watoto watatu wanaosoma, na hana shamba la maana. Baiskeli ile ndiyo shamba lake. Ikisimama, nyumba ile inasimama, na majirani nao maziwa yao yanachachia ndani.

Elinami akaizungusha, akaisikiliza, akatikisa kichwa. Akamwambia, "Mgosi, breki hii imechakaa. Itakuua. Ngoja nikuvalishe gurudumu jipya na breki za waya, kisasa." Rajabu akaamini. Kwa nini asiamini? Fundi ndiye aliyesema, tena amekalia kiti changu. Akamwuliza habu ya zamani ataifanyia nini. Elinami akasema, "Hiyo chuma chakavu tu, nitaitupa kwa watu wa mizani kule Mombo."

Hazikupita wiki nyingi. Asubuhi ya manyunyu, kwenye kona ya mikaratusi, Rajabu akakamata breki, waya wa nyuma ukakatika, mipira ya mbele ikateleza kwenye rimu iliyolowa. Akaiacha barabara. Walimkuta mtaroni mguu umekunjika mahali usipokunjikia, na barabara yote nyeupe maziwa, mbwa wamejaa.

Nilikwenda kumwona alipotoka hospitali na plasta yake. Mwanaidi alinipokea mlangoni. "Shikamoo babu." Nikaitikia marahaba mwanangu. Uso wake ulikuwa umekauka. Akaniambia, "Babu, watu wanasema tumeyataka wenyewe, tumeng'ang'ania mkweche wa mkwe wangu. Na kijiji kinataka kuitisha mkutano, baiskeli za zamani zote zisiteremke tena na mzigo. Sasa huyu akipona ataendesha nini? Pikipiki tutaitoa wapi?"

Nikamwomba anionyeshe baiskeli. Imeegemezwa nyuma ya zizi. Fremu haijapinda hata kidogo. Usukani mzima. Kilichokufa ni kile kipya: rimu imejikunja mfano wa chapati, waya umening'inia. Nikaamua kuitafuta ile habu ya zamani.

Nikapanda gari mpaka Mombo kwa mnunua vyuma chakavu, nikamweleza habu yenyewe ilivyo. Alinisikiliza vizuri, kisha akacheka. "Mzee, hiyo ingeletwa hapa isingefika kwenye lori. Ningeifunga kwenye baiskeli yangu mwenyewe." Nikarudi mlimani na swali moja tu kichwani. Kama haikutupwa, iko wapi?

Siku ya mkutano ninyi hamkuwapo. Mlikuwa kwenye pikipiki zenu huko, ndiyo maana mmebaki na ile habari ya uongo. Tulikaa uwanja wa shule. Rajabu aliletwa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, Mwanaidi kasimama nyuma yake. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema lakini mwoga wa lawama, akaanza kusema kwamba ajali imetuhuzunisha, kwamba vyombo vya zamani ni hatari, kwamba tusikilize ushauri wa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa hajafika.

Kwake Elinami ni juu ya shule, mteremko mkali kuliko wote. Tukamwona anashuka. Baiskeli yake ilikuwa kimya kabisa, na kwenye lango la shule ikasimama pale pale, taratibu, na mikono yake haikukaza kitu. Akashuka. Akaiegemeza kwenye ukuta. Kisha akatema mate kidoleni, akainama, akagusa habu ya nyuma.

Mzee Mbelwa aliyekaa kando yangu akanipiga kiwiko. Sikuhitaji. Nani anagusa habu ya baiskeli yenye breki za waya? Utagusa nini, baridi ya asubuhi?

Nikajizuia. Nilitaka nimsikie kwanza. Akasimama mbele, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya mazishi, "Ndugu zangu, mimi nilimwonya Rajabu. Breki ile ilikuwa imechakaa, nikambadilishia. Lakini baiskeli yenyewe kuukuu, fremu haikubali vitu vipya. Hizi za zamani ni za kutupa zote. Mimi kama fundi nashauri hivyo." Watu wakaguna kukubali. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Rajabu alikuwa ameinamisha kichwa. Naye mtu aliyevunjika mguu alikuwa ameshaanza kuamini kwamba kosa ni la baba yake.

Hapo nikasimama. Sikwenda mbele. Nilikwenda ukutani kwenye baiskeli ya Elinami, nikaipindua matairi juu. Mkanda wa jembe la mama yangu ulikuwa pale, na waya wangu wa shaba, na umeng'aa, kwa maana mwenyewe alikuwa anaufuta.

Nikamwuliza, "Elinami, hii ni nini?"

Akasema, "Baba, nilikuwa naijaribu kwanza."

"Unaijaribu kwenye matako ya nani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia azungushe pedeli kwa mkono, akazungusha, gurudumu likaenda mbio. Nikamwambia arudishe nyuma. Gurudumu likasimama. Nikamwambia tena. Likasimama tena. Nikawaambia walio pale, "Hii ndiyo iliyochakaa. Aliyesema imechakaa ameteremkia hii hii sasa hivi kuja kutushauri tutupe zetu. Yeye anakaa mlima mkali kuliko Rajabu, na watoto wake anawapenda, ndiyo maana akachukua kilicho kizima. Rajabu naye ana watoto."

Elinami akasema polepole, "Nilimpa gurudumu jipya, Baba. Sikumwibia. Jipya kwa kuukuu, nani amepunjwa?"

Hilo ndilo neno lililonichoma mpaka leo. Nalirudia hapa kwa sababu ndilo mnaloniambia ninyi nyote kila siku kwa namna nyingine. Jipya kwa kuukuu, nani amepunjwa? Mtazameni aliyekaa na mguu juu ya kigoda, ndiye aliyepunjwa.

Nikaomba spana. Hakuna aliyeniletea haraka kuliko Mwanaidi. Alikuja nayo kwenye khanga yake, sijui alijuaje. Nikalifungua gurudumu lile pale pale mbele ya mkutano. Mikono yangu ilitetemeka njia nzima kuja, lakini ilipogusa nati zile ikatulia. Nikalitoa, nikamkabidhi Rajabu magotini. Alilikumbatia kama anavyopakatwa mtoto, grisi ikamchafua shati, akamtaja baba yake tu, "Kumbe Tate hakunidanganya." Mwenyekiti akakunja karatasi yake akasema mkutano umeahirishwa, na haujaitishwa tena mpaka leo.

Nililirudisha gurudumu kwenye baiskeli yake mwenyewe, mimi na macho yangu haya mabovu. Nilifungua habu kwanza, mjue kazi. Viatu vya shaba, Elinami alipoletewa baiskeli, vilikuwa vimelainika tu vikang'aa, hiyo ndiyo "kuchakaa" aliyoisikia. Vikilainika huvitupi. Unavikwaruza kidogo kwa tupa, kukata upande na si kufuata duara, unafuta vumbi lote, unatia grisi nzito kidogo tu, kiasi cha punje ya harage kila upande, unafunga. Kazi ya asubuhi moja. Elinami anaijua kazi hiyo, nilimfundisha mwenyewe, na ndivyo alivyoifanya kwa faida yake mwenyewe kabla ya kuifunga habu kwenye baiskeli yake. Nilikuta alama za tupa yangu mle ndani.

Basi mwenye kutaka ufundi wangu, haya yachukueni. Sikilizeni kitu kabla ya kukihukumu. Na fundi akikwambia chako kimekwisha, kabla hujakubali, toka nje utazame yeye amekuja na nini.

Mguu wa Rajabu umeunga, ila hautakunja tena kama zamani, na kuendesha hawezi. Maziwa anashusha Mwanaidi. Mwanzoni mlimcheka, mwanamke wa makamo kwenye baiskeli ya mwanamume, khanga imefungwa juu ya suruali. Siku hizi naona mmenyamaza. Asubuhi nikiwa na nguvu najikongoja mpaka Mapozeo, nakaa kwenye mawe yale. Anafika, anashuka, anatema mate kidoleni, anagusa. Kama ya moto, analaza baiskeli, tunazungumza mpaka ipoe. Wenye baiskeli wengine wameanza kusimama pia.

Elinami naye hupita hapo asubuhi, kwa miguu, maana gurudumu jipya hataki kulipanda kwenye mteremko ule, na zuri hana tena. Akitufikia anavua kofia. "Shikamoo Baba," anasema, na anasimama kidogo, anatazama jiwe lililo wazi.

Marahaba naitikia. Karibu simwambii.